YAH: Ombi la Kufahamishwa Pikipiki Hii ni ya Nani

Kijiwe cha Bodaboda Goba,
Dar es Salaam.

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Mikopo ya Pikipiki,
Kampuni Inayotudai.

Mheshimiwa,

Habari za kazi, na poleni na baridi ya kiyoyozi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utakumbuka nilifika kwenu kuomba kubadilishiwa chombo: niwarudishie hii ya cc 125, mnipe Boxer ya 150, tofauti niendelee kuilipa mdogomdogo. Tangazo lililobandikwa mlangoni kwenu linasema huduma hiyo ipo, tena lina picha ya kijana anayecheka. Milima ya Goba unaijua. Au pengine huijui, maana gari lako halijawahi kumwomba abiria ashuke atembee. Langu mimi linaomba. Mama katoka sokoni na ndoo ya samaki na mtoto mgongoni, tukifika kwenye mlima namwambia, "Mama samahani, tupande kidogo kwa miguu." Juu ananipa nusu nauli, nami sina mdomo wa kudai iliyobaki.

Mthamini wenu alikuja. Akapiga tairi teke, akapiga picha mkwaruzo wa kwenye tangi, akaandika laki tisa. Kompyuta yenu nayo ikasema nadaiwa milioni moja na laki mbili. Nikaelimishwa kwamba nikiirudisha pikipiki niliyoilipia kila siku ya Mungu kwa zaidi ya mwaka, bado natakiwa kuongeza laki tatu ili ipokelewe. "Usijali kaka," afisa akanituliza, "hiyo laki tatu tunaihamishia kwenye mkopo mpya." Nikashukuru. Nilipotoka nje ndipo nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya deni hilo ni riba ya miezi ambayo haijafika, na ikihamia kwenye mkopo mpya itatozwa riba. Riba ya Desemba, ambayo hata mvua zake hazijanyesha, tayari ina mtoto.

Nikauliza kama naweza kuiuza mwenyewe, kwani kuna fundi anaitaka kwa milioni moja na laki nne, taslimu. Ningewalipa deni lenu lote na chenji ikabaki. Afisa akanitazama kwa huruma. "Kaka, huwezi kuuza kitu ambacho si chako. Kadi ina jina la kampuni." Sawa kabisa. Ila afisa huyohuyo, klachi ilipoungua, aliniambia matengenezo ni juu ya mwenye chombo, na mwenye chombo ni mimi. Pikipiki hii imekuwa mtoto wa ndoa iliyovunjika: akifaulu ni wa baba, akifeli ni wa mama.

Kwa hiyo Mheshimiwa, naleta ombi moja kubwa. Naomba mniwekee taa.

Iwe ndogo tu, ikae pale kwenye usukani, kati ya kioo na honi. Ikiwaka kijani, pikipiki ni yangu. Ikiwaka nyekundu, ni yenu. Waya wake uunganishwe na kile kifaa mlichokificha chini ya kiti, ambacho tayari kinajua nimelala wapi na nimeamka saa ngapi. Haitakisumbua kuongezewa kazi hiyo moja. Pancha: kijani. Bima imeisha: kijani. Trafiki kasimamisha: kijani tangu mita mia mbili, ili afande aione kwa mbali ajue nani wa kuongea naye. Mteja katokea na pesa mkononi: nyekundu, ikiwezekana na king'ora. Siku ya mthamini iwake rangi zote mbili kwa zamu, kwa kuwa siku hiyo chombo huwa changu kwenye mikwaruzo na chenu kwenye bei.

Na nikigongwa na lori? Hapo naomba ing'ang'anie kijani, isizimike hata betri ikiisha, kwa sababu ukurasa wa mwisho wa mkataba unasema deni litahamia kwa mdhamini. Mdhamini wangu ni shemeji yangu, muuza mchicha, ambaye hiyo pikipiki hajaipanda hata siku moja. Taa itamsaidia kuitambua.

Gharama isiwape hofu. Nikatwe mimi, kama nilivyokatwa ya kile kifaa kinachonichunga, na kofia ngumu ya pili ambayo sikuiona. Ningependa pia maafisa wenu wapewe semina ya siku mbili kuhusu taa hii, yenye chai na maandazi, nayo iingizwe kwenye deni langu chini ya jina lile mlipendalo la "gharama za uendeshaji".

Taa ingenifaa sana usiku ule wa mvua. Mtandao wa pesa ulikuwa umelala tangu jioni. Hela ya rejesho ninayo kwenye simu, haiendi. Nilikuwa nimempakia dada muuguzi anayewahi zamu ya usiku. Nikasimama kumpisha lori, nikapiga stata, kimya. Mmeizima. Pale pale kwenye kona, gizani, maji yanatiririka barabarani, dada wa watu anaanza kulia. Nikawapigia, nikapokelewa na muziki.

Mnajua pikipiki ilipo kwa hatua. Hamkujua kwamba juu yake kuna watu? Mlijua. Mnatukopesha chombo cha kutafutia riziki, mnakifunga tusitafute, kesho yake mnatupiga faini kwa kuwa hatukuleta. Hata mwizi akishaiba hurudi kwake. Ninyi mnarudi kwetu kila asubuhi saa kumi na mbili na ujumbe wa "Ndugu mteja".

Uniwie radhi Mheshimiwa, ilikuwa jazba. Turudi kwenye maombi, yaliyobaki ni madogo.

Naomba feni ya sehemu ya wateja ielekezwe kwa wateja. Naomba shemeji asipigiwe simu usiku wa manane. Mchicha humwamsha mapema. Leseni yenu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iteremshwe kidogo ukutani, huko juu nyuma ya maua ya plastiki hatuisomi vizuri. Na riba ya miezi isiyofika isubiri ifike, kama sisi tunavyosubiri abiria.

Jingine ni kuhusu pikipiki ya mwenzetu wa hapa kijiweni. Aliwarudishia mkaithamini laki nane, kwa maelezo kwamba injini imechoka na chesi ina kutu. Baada ya muda tuliiona kwenye yadi yenu, tangi limepakwa rangi, viti vipya, inakopeshwa kwa milioni mbili na nusu. Tuliitambua kwa stika ya "Mungu Mkubwa" iliyobaki nusu kwenye madigadi ya nyuma. Kijana mmoja alikuwa ameshaikalia, anajaribu breki, na mthamini wenu amesimama pembeni akimweleza kwamba hii injini bado kabisa. Hatukusema kitu. Naomba tu mthamini huyo aje anithamini na mimi, kwa macho yale aliyoyatumia siku ile.

Nasubiri majibu yako. Namba ya simu na mahali ninapopatikana sijaandika. Kifaa kipo chini ya kiti, angalieni kwenye skrini.

Wako katika marejesho,

Mwenye Chombo (kwa upande wa klachi)

Nakala: Shemeji, muuza mchicha, kwa taarifa na maombi.