Ukialikwa Mkutano wa Ukoo Bungoma

Katika filamu ya tatu ya My Big Fat Greek Wedding, iliyotoka mwaka 2023, familia ya Portokalos inafunga safari kutoka Marekani hadi Ugiriki. Baba amefariki na aliacha shajara wapewe marafiki zake wa utotoni. Wanafika na kukuta kijiji karibu kitupu. Ni filamu ya kuchekesha, ila haitakusaidia kitu wewe wa Kitale, ambaye babu yako alihamia Trans Nzoia kutafuta shamba na sasa jamaa zako Wabukusu wa Bungoma wanakuita nyumbani. Huku tatizo halijawahi kuwa upungufu wa watu.

Hatari ya kwanza iko stejini. Makanga ataapa kwamba amebakiza kiti kimoja tu. Usilipe kwanza. Wale abiria watulivu ndani ni wenzake, na ukishakaa watashuka mmoja mmoja kana kwamba wanaenda kununua maji. Ukipitia Chwele siku ya soko, nunua kuku. Kufika mikono mitupu kutasimuliwa hadi wajukuu zako.

Ukishasalimu "Mulembe", mzee atakuuliza ukoo wako. "Mimi ni wa Kitale" si jibu. Atataka na ukoo wa mama yako, kisha atatangaza kwamba yule msichana uliyekuwa ukimtazama langoni ni dada yako.

Kuku akiletwa, firigisi si yako. Ni ya mwenye mji, hata kama kuku umemnunua wewe. Na kama umeoa, mama mkwe usimkimbilie kumkumbatia kama wafanyavyo Wagiriki wa sinema. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali. Kama bado hujaoa, maswali ya utaoa lini yavumilie tu, hayana dawa.

Sasa tazama kalenda. Mwaliko ukiangukia Agosti ya mwaka shufwa, kama 2024 au 2026, huo ni msimu wa tohara. Utakuta wavulana barabarani wakigonga njuga za chinyimba, wakizunguka kuwaalika jamaa, na umati ukiwafuata kwa nyimbo. Furahi nao, piga picha. Lakini kama dada yako ana mvulana wa rika hilo, ujue hukuitwa kupiga picha. Wewe ndiye khocha, mjomba. Inatarajiwa uchinje ng'ombe na umvishe mpwa wako luliki, nyama ya kifua, shingoni. Ndiyo maana mwaliko ulikuwa mtamu kupita kiasi, na ndiyo maana shemeji alikupigia simu mara mbili kuuliza kama mahindi yako yalipata bei nzuri.

Kuaga ni kazi ya nusu siku. Utasimama saa nane, uombewe, ukalishwe, uletewe chai, uombewe tena. Ukimwona mtoto anakimbiza kuku wa kukufungia, usitazame saa. Matatu ya mwisho imeshaondoka. Ulizia tu blanketi liko wapi.