Mchongoko wa Kabanga

Ndugu yangu unayesoma, kama una mke, watoto, mjomba asiyeondoka, na mama mkwe aliyekuja kutibiwa goti kwa wiki mbili tangu mwaka juzi, sogea karibu. Sina mwingine wa kumweleza. Hapa nyumbani wote wako upande wa mashtaka.

Kabanga yetu haina reli. Tuna mpaka, tuna Kobero ng'ambo ya pili, tuna malori yaliyojipanga na shehena za Bujumbura, lakini treni hatuna. Tangu nikiwa kijana nasikia habari za reli ya kutoka Isaka ije Keza, humuhumu wilayani Ngara, kisha ivuke kwenda Musongati. Sasa Musongati wanapelekewa reli kweli, ila inatokea Uvinza, huko Kigoma. Sisi imetupita kama basi lililojaa. Kwa hiyo shemeji yangu aliyeko Ujerumani alipokuja likizo na boksi lenye treni ya abiria, mabehewa matano, reli zake na kitransfoma chake, nilijiambia: basi, imefika.

Ni mfano wa ICE, treni ya kasi ya Wajerumani, iliyopunguzwa mara 87. Pua imechongoka, kwa hiyo wanangu hawakuhitaji maelezo. "Mchongoko!" wakapiga kelele, jina lilelile la treni yetu ya umeme ya Dar na Dodoma. Wakati wa chakula nikawafafanulia kwamba reli hizi zimeachana milimita 16.5, na ukizidisha mara 87 unapata milimita 1,435, yaani SGR yenyewe. Nilitegemea mshangao. Mke wangu akauliza, "Ushuru wake ulilipwa?"

Huyu namwita Mama Risiti. Mimi ni wakala wa forodha pale mpakani. Kutwa nzima nadaiwa nyaraka, na jioni narudi kudaiwa nyaraka. Hata nikileta nyanya za jero naulizwa risiti iko wapi.

Aliyenipinga waziwazi ni Mjomba Behewa. Jina hilo nilimpa kwa sababu hana injini yake: alivutwa hapa na harusi ya binamu yangu, harusi ikaondoka, yeye akabaki amefunguliwa kwetu. Ujanani alibeba mizigo ya abiria stesheni ya Tabora, pale reli ya Mwanza inapoachana na ile ya Kigoma, na kwake treni ni ile tu, ya reli ya upana wa mita moja, iliyofika Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928. Akianza Tabora utasikia asali, utasikia daraja la tatu, utasikia abiria aliyeshuka kununua mihogo akaachwa na mke na mizigo. "Hii yako haichelewi," aliniambia akiiangalia kwa huruma. "Treni isiyochelewa mtu ataaga saa ngapi?"

Nilipiga hesabu ya kumjengea hiyo reli yake. Dar hadi Kigoma, kilomita 1,250 na ushee, ukigawanya kwa 87 unahitaji zaidi ya kilomita 14 za vipande vya reli. Sebule yangu ina mita nne na nusu.

Basi nikachukua ule mlango wa mninga uliokuwa ukisubiri chumba ambacho sijakijenga, nikaulaza juu ya matofali. Kosa langu likaanzia hapo, maana mlango huo ulikuwa na mwenyewe. Mama mkwe alikuwa akichambulia maharage juu yake kila asubuhi. Mbele yake namwita Mama, naongea naye macho chini kama inavyopasa. Moyoni ndiye Stesheni Masta: hakiondoki kitu nyumba hii, kuku wala mgeni, kabla hajaruhusu.

Binti yangu, Mkurugenzi, akatangaza kwamba tunapiga filamu. Ana miaka 14 na ana simu yangu, simu ambayo mimi sasa huiazima. Kilima tulikijenga kwa gunia na udongo wetu mwekundu, migomba kwa nyuzi za kijani na vijiti vya meno. Abiria walikuwa maharage. Mdogo wake, Fundi Bomoa, alifungua mapaa ya mabehewa akawapanga dirishani mmoja mmoja, wenye madoa daraja la kwanza.

Picha ya kwanza ilikuwa ya sekunde nne. Kilomita 160 kwa saa, ndiyo kasi ya SGR, kwa kipimo hiki ni nusu mita kwa sekunde. Kwenye mlango wa mita mbili, ukipiga chafya safari imeisha. Tukapunguza mwendo. Picha ya pili, treni ikasita, ikakohoa, ikasimama. Magurudumu ya treni hizi hunyonya umeme kutoka kwenye reli, na vumbi la kiangazi cha Kabanga lilishafunika kila kitu. Lazima ufute kwa spiriti. Nikapata chupa kabatini, nikafuta reli zote, zikang'aa. Ilikuwa spiriti ya goti la Mama.

Picha ya tatu, Fundi Bomoa akalaza uma juu ya reli mbili, eti daraja. Shoti! Taa ya transfoma ikazima, Mama Risiti akapiga yowe, Mama akaamuru watu wote watoke nje kabla nyumba haijaungua. Nikaeleza kwa adabu kwamba hizo ni volti 12, hazimuui hata mende. Tulikaa nje dakika ishirini. Picha ya nne, jogoo. Ya tano tulikuta abiria wa mabehewa matatu hawapo. Walikuwa kwenye sufuria.

Ya sita, ndugu yangu, sitaisahau. Mkurugenzi aliegemeza simu kwenye kiberiti, kioo chake kikawa sawa na macho ya abiria. Jua la saa kumi na moja liliingia dirishani kwa ubavu. Treni ikatokea nyuma ya gunia taratibu, pua kwanza, halafu behewa moja moja likipinda, na kila dirisha lilipopita kwenye mwanga lilimulika harage moja lenye madoa, kisha likalizima. Vumbi lililobaki hewani likawa kama ukungu wa asubuhi. Mjomba Behewa alisimama wima, akapunga leso ya kijani. Kwa nusu dakika hakuna aliyeomba kitu, hakuna aliyedai risiti.

Ndipo nikasikia kandambili ukumbini. Nikamnong'oneza Mjomba, "Stesheni Masta huyo anakuja. Akiingia yule, hata mchongoko unageuka mkokoteni."

Simu zina masikio mazuri siku hizi. Mkurugenzi hakuisikiliza video, aliitazama tu, akaona ni nzuri, akaitupia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu 41, wa Ngara, Mwanza, Gitega mpaka Ujerumani. Shemeji ndiye aliyewahi kujibu. Aliuliza, mbele ya ukoo mzima, stesheni masta ni nani.

Usiku ule Mama hakusema neno. Alikula, akanawa, akaniangalia nilivyoinamia sahani yangu. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Baba, hivi stesheni masta hulipwa kiasi gani kwa mwezi?"

Mjomba Behewa, msaliti, akamtajia marupurupu yote.

Sasa Mama ana filimbi. Maharage yamerudi kwenye mlango wa mninga, reli zimezungushwa pembeni, na treni huondoka Jumapili tu baada ya ibada, akishapuliza yeye. Spiriti nanunua mwenyewe, na risiti yake naikabidhi. Mjomba anasema hatimaye hii ni reli ya kweli, maana Jumapili iliyopita ilichelewa saa tatu.

Nina ombi moja tu. Ukirushiwa video ya treni nyeupe ikipita kwenye migomba ya nyuzi, na ukasikia mwanamume ananong'ona, tafadhali ndugu yangu, ifute. Usiisambaze.