Mtahini Anauliza, Sambusa Nalipa Mimi

Tangu tarehe ya vaiva, yaani utetezi wa tasnifu yangu, itoke, kila mtu kageuka mshauri. "Wasiwasi wa nini?" wananiambia. "Hiyo mada hakuna anayeijua kukuzidi." Hapo ndipo wanaponimaliza. Mada yangu ni lugha ya mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, na wanaoijua kunizidi huwa wameshauza vibua beseni zima kabla sijatoa daftari. Ahueni yangu ni kwamba hakuna dalali aliyeteuliwa kwenye jopo.

Msimamizi wangu kanishauri niisome tasnifu yote upya "kwa jicho la mtahini." Nimeishia sura ya pili. Kuna sentensi pale imeanza juu ya ukurasa na inateremka tu, ina "hivyo basi" mbili na "kwa muktadha huo" moja, ikifika chini imeshasahau kiima chake. Niliiandika fupi mimi! Ni yeye aliyechora duara kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Fafanua." Sasa mtahini wa nje akiuliza maana yake, nimwelekeze kwa nani?

Wenzangu wa uzamivu nao wakaniandalia vaiva ya majaribio. Wema gani huo! Kuna mmoja nilimuuliza swali kwenye semina yake, swali dogo tu la nadharia, kumbe kalihifadhi. Alikuja na karatasi imejaa maswali mbele na nyuma. "Kwa nini Feri, si Mwaloni kule Mwanza?" Nikajibu ukweli: Feri nafika kwa daladala. Wakacheka, kisha wakanionya nisithubutu kurudia. Natakiwa kusema "uteuzi wa eneo ulizingatia malengo mahususi ya utafiti." Jibu hilo nalikariri nikiwa bafuni.

Uholanzi wana utaratibu wa kiungwana. Maswali yakifika dakika 45, anaingia mtu na fimbo ya heshima, anatangaza "Hora est", yaani saa imewadia. Hata kama umekwama katikati ya sentensi, umeokoka. Huku kwetu mwenyekiti akisema "swali la mwisho kabisa", jua lina kipengele a mpaka d, na ndani ya d kuna "halafu pia."

Halafu kuna viburudisho. Hakuna kanuni iliyoandikwa, lakini katibu wa idara kaniuliza kwa sauti ya chini, "Vitafunwa umeshaandaa?" Yaani wanibane wao, sambusa nilipe mimi. Ufini nako mtahiniwa humwandalia mtahini wake karamu, lakini angalau kwao daktari anayehudhuria sherehe ya kutunukiwa huvaa kofia na upanga. Mimi nikishamaliza soda zote zile, nitakabidhiwa orodha ya "marekebisho madogo", na udogo wake anaujua aliyeiandika.

Shangazi anapanda basi kutoka Tanga kuja kusikiliza. Kaniuliza kama wakinibana sana anaruhusiwa kunisaidia kujibu. Nikamwambia hapana, Shangazi, utaratibu hauruhusu. Akanyamaza kidogo. "Na huyo mtahini wa nje," akasema, "kwao ni wapi? Isije ikawa tunamfahamu."