Kasida ya Asilimia 30

Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamesifu wali na aliyeupika, na walipokosa cha kusifu wakamsifu mwenye shughuli. Kamisheni peke yake haijapata mtu. Miaka yote hii imebaki bila ubeti hata mmoja, ilhali hakuna mauzo ambayo haikuhudhuria, na haijapata kuondoka kabla ya chakula. Mimi nimeilisha kwa muda sasa, najua inavyotafuna. Acha niwe wa kwanza.

Simaanishi kamisheni ya dalali wa vyumba, wala ya wakala wa pesa anayekaa chini ya mwavuli. Hao wana nyuso. Ukikasirika unajua pa kwenda. Ninayoisifu ni asilimia 30 tukufu, inayokatwa na maduka ya programu za simu kila mtu anaponunua humo kitu kisichoshikika: mchezo, hadithi.

Nasaba yake haina shaka. Steve Jobs aliitangaza Machi 2008, na tarehe 10 Julai mwaka ule App Store ikafunguliwa ikiwa na programu 500. Aliyetengeneza achukue 70, Apple ichukue 30. Duka la Android lilipofuata, mgao ukawa ule ule. Kwa nini 30 na si 12? Maswali ya namna hiyo huulizwa na watoto na mahakama.

Uthabiti wake ni wa kupigiwa mfano. Simu zimebadilika, gharama za kuhifadhi data zimeshuka, yenyewe imesimama pale pale. Hata Ramadhani, mwezi ukiandama mapema, huisha kwa 29. Hii mwezi wake hauandami. Julai 2011 Phil Schiller, mmoja wa wakuu wa Apple, aliwaandikia wenzake barua pepe akiuliza kama kweli 70 kwa 30 itadumu milele. Akapendekeza kwamba faida ya duka ikifika dola bilioni moja kwa mwaka, makato yashuke hadi 25 au hata 20. Tumeijua barua hiyo kwa sababu iliibuka mahakamani miaka 10 baadaye. Bilioni ilifika, ikapita, ikapunga mkono. Makato yakabaki.

Ina huruma pia. Tangu Januari 2021 Apple humkata 15 badala ya 30 anayeingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka, akishaomba, na Google ikafuata mkondo huo Julai yake. Huruma ya Apple ilitangazwa Novemba 2020, miezi mitatu baada ya kampuni ya Epic Games kuishtaki. Huruma nayo ina siku zake. Mimi nimo katika kundi hilo la wanyonge. Dola milioni sijaiona hata ndotoni.

Na ni mwanafalsafa. Ukiagiza khanga kwa simu, duka halidai kitu, kwa kuwa khanga inavalika. Ukimnunulia mhusika wa mchezo picha ya khanga, toa 30. Teksi haikatwi. Kitabu cha karatasi hakikatwi, lakini kitabu kile kile kikisomwa kwenye kioo kinakatwa. Kanuni za Apple zinakwenda mbali zaidi: mwalimu akimfundisha mwanafunzi mmoja mubashara kwa njia ya simu, anaweza kulipwa apendavyo, lakini wanafunzi wakiwa kikundi, hata kidogo, lazima malipo yapite dukani. Kwa hiyo ustadhi anayemfundisha mtoto mmoja yuko huru. Wadogo zake wakijiandikisha na kujiunga naye, ameshakuwa na mbia California.

Watetezi wake watanikumbusha kwamba duka hukagua programu hatari, hushughulikia malipo, na humfikisha mtu wa Tanga kwenye simu ya mtu wa Muscat asiyemjua. Kweli kabisa. Kwa hilo ningelipa, tena kwa moyo mweupe, laiti tungekaa tukapatana bei.

Lakini fadhila zote hizo ni vumbi mbele ya ile iliyonifanya nishike kalamu, nayo ni stara. Sijaona kiumbe mwenye haya kama asilimia 30. Haipendi kutajwa. Haipendi kuonekana kwenye risiti. Inaingia nyumbani kwako kila siku, na wewe mwenye nyumba huruhusiwi kuwaambia wageni kwamba yumo mtu chumbani.

Mimi na wenzangu tulitengeneza programu ndogo ya ngano na vitendawili, vinavyosimuliwa na bibi mmoja wa Tanga mwenye sauti ya kumlaza mtoto mtukutu. Wanunuzi wetu wengi ni wazazi walio mbali, Muscat, London, Minneapolis, wanaoona Kiswahili kinawateleza watoto wao ulimini. Waliobaki ni wa hapa hapa, na wa hapa hapa wengi hawana kadi ya kununulia vitu vya ng'ambo. Wana M-Pesa. Basi chini ya ukurasa wa malipo tukaandika sentensi moja, kwamba unaweza pia kulipa kwa M-Pesa kwenye tovuti yetu.

Duka likalikataa toleo lile. Duka gani? Nitalisitiri, stara nimejifunza kwake. Jibu halikuwa na jina la mtu, lilikuwa na namba ya kifungu. Tukafuta M-Pesa, tukaacha tovuti, likakataa. Tukafuta tovuti, tukaandika tu kwamba mwenye shida ya malipo atuandikie, likakataa. Tukakata rufaa, na rufaa ikasikilizwa na duka lile lile, kesi ya ngedere mbele ya nyani. Mwishowe pale palipokuwa na sentensi pakabaki nafasi nyeupe, na hiyo nafasi nyeupe ikapita ukaguzi siku ile ile, bila swali.

Sasa nauliza: ni nani huyo anayeamka asubuhi, anavaa, anapanda gari kwenda kazini, ili kuhakikisha kwamba mama wa Morogoro hajui anaweza kulipa kwa pesa aliyonayo mkononi? Hatukuiba. Hatukumdanganya mtu. Tulisema ukweli kwenye programu yetu wenyewe, tukaambiwa ukweli huo ni kosa. Na kila tulipouliza kosa ni lipi tulijibiwa namba ya kifungu, namba ya kifungu, namba ya kifungu.

Niwieni radhi. Kasida haisomwi kwa kupayuka.

Nilikuwa nasema juu ya stara, na wala hatukuwa wa kwanza kufunzwa. Agosti 2020, biashara ndogo zikiwa taabani kwa korona, Facebook ilianzisha njia ya kuuza tiketi za shughuli za mtandaoni na ikasema yenyewe haitachukua kitu. Iliiomba Apple isamehe 30 yake, ikakataliwa. Basi ikataka walau kumwandikia mnunuzi kwamba Apple inachukua asilimia 30 ya malipo haya. Nalo likakataliwa, na kwa maelezo ya Facebook sababu ilikuwa kwamba habari hiyo haimhusu mtumiaji. Pesa ni zake, mfuko ni wake, habari haimhusu! Na kwa miaka mingi aliyefungua programu ya Kindle kwenye iPhone aliona vitabu vyote vya dunia asione pa kuvinunulia, wala neno la kumwelekeza. Kitufe kilijitokeza Mei 2025, kwa wateja wa Marekani.

Kilichokitoa kitufe hicho mafichoni ni kesi ya Epic. Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni hiyo iliweka ndani ya mchezo wake wa Fortnite njia ya kulipa moja kwa moja, kwa bei nafuu. Mchezo ukaondolewa dukani siku hiyo hiyo. Hakimu Yvonne Gonzalez Rogers wa California alitoa hukumu Septemba 2021. Katika madai mengi Apple ilishinda. Katika hili la stara ilishindwa: aliamuru watengeneza programu waruhusiwe kuwaambia wateja kwamba kuna njia nyingine ya kulipa. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa, na Apple haikuwa na budi kutii.

Utiifu huo unastahili beti zake. Unataka kumwelekeza mteja nje? Ruksa. Ila akinunua huko ndani ya siku saba, toa asilimia 27, na ada za kadi ulipe mwenyewe. Ukijumlisha unarudi pale pale kwenye 30, au unaizidi. Na mteja akigusa linki, kwanza kioo kizima kijae onyo kwamba anatoka, na huko aendako Apple haihusiki. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha wafanyakazi wakijadiliana maneno yapi yatatisha zaidi. Kufikia Mei 2024, kati ya watengeneza programu wapatao 136,000, walioomba kutumia ruhusa hiyo walikuwa 34.

Nilimweleza bibi yetu habari hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mtu akishindwa kitendawili hutoa mji, na aliyepewa mji ana deni la kutoa jibu. Hao mji wamekula. Jibu liko wapi?"

Nikamwambia jibu liko kwa mawakili.

Na hapa naona kalamu inamwacha niliyekuja kumsifu. Asilimia 30 haijapata kukaa kikaoni wala kula kiapo. Waliokaa ni watu, na hakimu aliwaelezea katika hukumu ya tarehe 30 Aprili 2025. Schiller alishauri amri itiiwe. Bosi wao, Tim Cook, akawasikiliza watu wa fedha, na hakimu akaandika kwamba alichagua vibaya. Mmoja wa makamu wa rais wa fedha, kwa maneno ya hakimu, alidanganya waziwazi chini ya kiapo. Suala likapelekwa kwa waendesha mashtaka waangalie kama kuna jinai, na 27 ile ikapigwa marufuku. Apple ilipinga, ikakata rufaa. Nilisoma hukumu hiyo nikitafuta mtu mmoja, hata karani, aliyesema kikaoni kwamba pesa hizi zina mwenyewe. Nilimpata Schiller, kwa sehemu. Waliobaki walikuwa wakipiga hesabu ni gharama kiasi gani kumwacha mtu aseme ukweli dukani kwake.

Kwingine serikali nazo zilipigana, zikapata zilichopata. Uholanzi iliingia vitani kwa ajili ya programu za kutafuta wachumba, ikapewa 27. Korea Kusini ilitunga sheria mwaka 2021, ikapewa 26. Umoja wa Ulaya uliitoza Apple faini ya yuro milioni 500 Aprili 2025, kwa sababu ya stara hii hii. Sisi Tanzania tuna Tume ya Ushindani, Nairobi wanayo mamlaka yao, na sheria zimo makabatini. Mimi, badala ya kugonga mlango, nimekaa kutafuta vina.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka ule ule App Store ilipofunguliwa. Kanuni mpya zilizofuata hukumu ya 2025 zinalihusu duka la Apple la Marekani tu. Kwa hiyo mteja wa Minneapolis anaruhusiwa kusoma ndani ya programu kwamba anaweza kulipa kwa M-Pesa, ambayo hana. Mteja wa Morogoro, anayenunulia M-Pesa hadi mchicha, haruhusiwi kuambiwa.