Mita Zilizolipiwa

Kina cha kisima na kina cha kutundikia pampu ni vipimo viwili tofauti, ingawa katika maeneo ya mchanga ya pwani ya Dar es Salaam, kama Kigamboni, si rahisi kumweleza hivyo mwenye nyumba aliyechimbiwa kisima kwa malipo ya kila mita, ambaye kwa hesabu yake mita yoyote isiyofikiwa na pampu ni fedha iliyofukiwa. Pampu ya kuzamisha, yaani ile inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma juu badala ya kuyavuta, huendeshwa na mota iliyo chini yake, na mota hiyo hupoozwa na maji yanayopita ubavuni mwake yakielekea kwenye mdomo wa pampu.

Fundi mwangalifu hutaka kwanza kujua usawa tuli, yaani mahali maji yanaposimama pampu ikiwa imezimwa. Kisha usawa wa kusukuma, yaani yanaposhukia na kutulia pampu ikiwa kazini. Na mwisho, yalipo mabomba ya chujio, yale yenye matundu membamba yanayopitisha maji na, kwa nadharia, kuuzuia mchanga. Katika kisima cha mita 60 ambacho maji yake husimama mita 18, hushuka hadi mita 27, na chujio lake huanzia mita 42 hadi 54, pampu hutundikwa kwenye mita 36 hivi, ambapo ina akiba ya maji juu yake kwa ajili ya kiangazi, na maji yanayoingia kisimani hulazimika kuipitia mota kabla ya kumezwa. Mwenye nyumba husikiliza maelezo hayo kwa heshima zote, kisha huuliza mita 24 zilizobaki ni za nani.

Jibu kwamba baadhi yake ni za mchanga halimridhishi. Chembe zinazopenya chujio huzama na kurundikana, hivyo kisima kilichokuwa cha mita 60 siku ya kuchimbwa huenda kikawa cha mita 55 baada ya miaka michache bila kumwarifu mtu, huku risiti ikiendelea kusema 60. Pampu iliyoshushwa kwa kuifuata risiti hukaa mchangani na kuumeza, magurudumu yake ya kusukumia maji yakalika kingo, na mota, kwa kukosa maji ya kuipooza, ikaungua.

Vipimo vyenyewe navyo vina vituko vyake. Kamba inayoshikilia pampu aghalabu hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kipimo kilichowafaa wavuvi tangu zamani, isipokuwa kwamba hufuata kimo cha mpimaji. Fundi mrefu akichoka na kumwachia msaidizi mfupi katikati ya kazi, hupatikana kina ambacho hakuna mwanahisabati awezaye kukikokotoa, hasa kwa kuwa kamba ya nailoni nayo hurefuka ikibeba mzigo. Pampu inaposhushwa kwa mabomba ya urefu wa mita 6, yangehesabiwa mabomba 6 na shauri likaisha, lakini kuhesabu hadi sita ni kazi isiyoonyesha ujuzi.

Kosa la kutundika juu mno lina adabu zaidi, kwa sababu hujitangaza mapema: bomba la jikoni hukohoa hewa, maji hukatika, na fundi huitwa siku hiyohiyo. Kosa la kushusha mno hunyamaza, ingawa ndoo nyeupe ingetosha kulifichua, maana maji yakikorogwa humo mchanga hukusanyika katikati. Tatizo ni kwamba wengi huyapeleka maji moja kwa moja kwenye tangi na, mchanga ukionekana, kuulaumu mji. Siku ya kuitoa pampu, mchanga ukiwa umeibana ukutani mwa kisima, majirani huitwa, kila mmoja akaja na nadharia yake, na kamba huvutwa kwa mkupuo hadi inakatika. Pampu hubaki chini kabisa, mahali hasa mwenye nyumba alipoitaka, na ya pili, kwa kuwa nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa, hutundikwa mita 36.