Kalamu Sita, Wino Hakuna

Jirani yangu hapa Meru hukusanya kalamu za wino za zamani; anazo sita. Huzikagua kama mnunuzi wa miraa pale Maua: anageuza, anapima kwa jicho, anaguna. Juzi alishuka Embu kwa mwalimu mstaafu mwenye Parker 51, aina iliyotoka 1941. Akaikagua kwa lenzi nibu iliyojificha, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, kifuniko kina mikwaruzo. Thamani imeshuka."

Mzee akaichukua, akaandika jina lake kwa mwandiko wa kulala, bila kukwama.

"Mikwaruzo hii ni ya kusahihisha madaftari. Zako je, zimefanya kazi gani?"

Jirani kimya. Alipoambiwa aache namba ya simu, bwana kalamu sita akaomba kuazimwa biro.