Hongera, Fundi

Kontena lilipokubali kuwaka hukungoja ligeuze nia: `docker export`, faili la tar likatoka, `docker import`, imeji mpya ikazaliwa. Nyepesi, eti. Nyepesi kichwani! Tabaka zote zimebanwa kuwa moja, historia imefutika, CMD na ENTRYPOINT hazimo, na data iliyokuwa kwenye volyumu imebaki kulekule. Mwenzako akiiwasha anajibiwa kuwa hakuna amri iliyotajwa. Akikuuliza imejengwaje, unamtolea macho. Ila ile nywila uliyoisahau ndani ya `/root`, hiyo imesafiri salama salimini.

`docker save` ipo, bwana, inabeba imeji pamoja na tabaka na mipangilio yake. Hata `docker import` ina `--change` ya kurudishia CMD. Dockerfile je? Hiyo tuandikie leo, kabla hujapata kazi kwingine.